Diski moja ya Wi-Fi kwa Windows, Mac na Ubuntu: niifomati exFAT?

studio_ntinda
Habari za kazi wakubwa. Studio ina kompyuta tatu: Mac ya kuhariri video, Windows 11 Pro (sasisho la 24H2) ya hesabu, na Ubuntu 22.04. Diski ya nje ya TB 2, NTFS (mpangilio wa mafaili wa Windows), imechomekwa kwenye USB ya ruta, anwani 192.168.0.1, folda inaitwa studio, haina nenosiri. Mac inafungua na kuandika. Windows inakataa, eti sera za usalama zinazuia wageni wasiojitambulisha. Ubuntu inasoma tu. Nikitaka kuandika naambiwa sina ruhusa. Nimeshauriwa niifomati upya exFAT, mpangilio mwingine wa mafaili, ili zote zielewane. Humo kuna GB 700 za kazi za wateja, ndiyo maana nauliza kwanza.

fundi_kebo
Usifomati, ssebo (bwana). exFAT ni dawa ya diski inayochomolewa huku na kuchomekwa kule. Ikishakaa kwenye ruta, anayesoma NTFS ni ruta peke yake. Kompyuta zinaongea na ruta kwa SMB, lugha ya kugawana mafaili kwenye mtandao, hazijui chini kuna nini. Ushahidi unao mwenyewe: Mac haiandiki kwenye NTFS iliyochomekwa ubavuni mwake, lakini kupitia ruta inaandika.

Windows inagombana na kukosekana kwa nenosiri. Kuanzia 24H2, toleo la Pro linadai mawasiliano ya SMB yatiwe saini, na mgeni hana ufunguo wa kutilia saini. Wapo watakaokupa amri ya PowerShell ya kuzima ulinzi huo, achana nao. Ingia ukurasa wa ruta, sehemu ya USB, tengeneza mtumiaji studio na nenosiri, funga mlango wa mgeni. Kisha fungua cmd ya kawaida, si ya msimamizi, la sivyo Z haitaonekana kwenye File Explorer:

`net use * /delete`
`net use Z: \\192.168.0.1\studio /user:studio /persistent:yes`

Amri ya kwanza inakata miunganisho yote ya zamani. Ukiiruka unaweza kupata kosa 1219, kwa sababu Windows haikubali majina mawili ya mtumiaji kwa seva moja.

Ikilalamika kwamba seva inataka SMB1, toleo la zamani la SMB, basi ruta imezeeka. Usiiwashe SMB1 kwa hali yoyote. Virusi vya WannaCry vya Mei 2017 vilipita hapohapo.

linuxi_jinja
Ubuntu imeunganisha folda kwa jina la root (msimamizi mkuu), wewe unaandika kama mtu mwingine. Weka `cifs-utils`, halafu tengeneza folda `/mnt/studio` na faili `/etc/smb-siri` lenye mistari miwili, `username=` na `password=`. Lipe `chmod 600`. Kwenye `/etc/fstab`, mstari mmoja:

`//192.168.0.1/studio /mnt/studio cifs credentials=/etc/smb-siri,uid=1000,gid=1000,_netdev,nofail 0 0`

Malizia na `sudo mount -a`. Hiyo uid (namba ya mtumiaji) ndiyo tiba. Hakiki yako kwa amri `id`. Usisahau nofail, maana bila hiyo ruta ikiwa imezimwa Ubuntu inaweza kukwama wakati wa kuwaka.

studio_ntinda
Zote zinaandika sasa, asanteni sana. Ila video ya kwanjula (sherehe ya utambulisho) ya GB 9 inachukua nusu saa kunakili, na Yaka (umeme wa kulipia kabla) ikiisha katikati naogopa kitakachotokea kwa diski.

fundi_kebo
GB 9 kwa nusu saa ni kama MB 5 kwa sekunde. Hiyo ni bendi ya Wi-Fi ya 2.4 GHz, mtaa mzima umo humo. Hamisha Mac kwenda 5 GHz, au bora zaidi ivutie kebo ya Cat5e. Usishangae ikibaki nzito hata kwa kebo: prosesa za ruta nyingi ni dhaifu, na NTFS inazichosha.

linuxi_jinja
Hapo ndipo diski inapotakiwa kutoka kwenye ruta. Chukua Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya Linux) na chaja yake ya 5V 3A, iunge kwa kebo, na kwenye ruta ipangie anwani isiyobadilika. Nunua diski ya pili, ifomati ext4 (mpangilio wa mafaili wa Linux), hamishia kazi humo. Ya zamani ibaki kuwa nakala. ext4 ina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo umeme ukikatika mfumo wa diski hujirekebisha, ingawa faili lililokuwa likinakiliwa utalinakili upya. exFAT haina jarida, na hiyo ni sababu nyingine ya kutolisikiliza shauri lile. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 yenye betri nzima itabeba Pi, diski na ruta zaidi ya saa moja.

Kwenye Pi weka Samba, programu ya kugawa folda kwa SMB, tengeneza mtumiaji wa Linux kwanza (`sudo adduser studio`), ndipo `sudo smbpasswd -a studio`. Ukigeuza mpangilio huo itakataa. Kwenye `[global]` ya smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, ongeza:

`vfs objects = catia fruit streams_xattr`

Mac itatulia.

mhariri_mbale
Nyongeza ya majina ya mafaili: Ubuntu inakubali `? * : "` ndani ya jina, Windows haikubali, na inaweza kukuonyesha jina lililokatwakatwa lenye alama ya ~. Andika `kwanjula_1430.mp4`, si `kwanjula 14:30?.mp4`. Na kama .DS_Store (mafaili madogo ambayo Mac huandika yenyewe) zinajaa kila folda, kwenye Mac:

`defaults write com.apple.desktopservices DSDontWriteNetworkStores -bool TRUE`

Toka kwenye akaunti, uingie tena. Zilizokwisha kuandikwa utazifuta kwa mkono.