Wasifu wa bibi: safari zake za usiku kwenda Loitokitok niziandike au nizifiche?

Mjukuu wa Tarakea:
Wakuu, habari za muda huu.

Bibi yetu mzaa baba alitutoka mwaka huu, tukamzika kihambani kwake, kwenye shamba la nyumbani, huku Rombo. Desemba, ukoo wote ukipanda nyumbani, kutakuwa na misa ya shukrani, na mimi ndiye niliyekabidhiwa kuandika wasifu wake. Sababu eti nimesoma. Nimesomea uhasibu, lakini kwa wazee kalamu ni kalamu.

Siku ya mazishi ulisomwa ule wa kawaida: alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa takatifu, alijaliwa watoto saba, ameacha wajukuu na vitukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Hakuna uongo mle ndani. Ila ungebadilisha jina tu ungeweza kumsomea bibi mwingine yeyote wa tarafa hii.

Ninayemjua mimi ni huyu: mwaka 1977 mpaka na Kenya ulipofungwa, hadi ulipofunguliwa tena Novemba 1983, alikuwa na watoto wa shule na mume ambaye hela ya kahawa ilimfikia kwa kuchelewa. Kwetu kahawa ni ya baba, ndizi ni za mama. Basi akawa anabeba ndizi na maharage usiku kwa njia za panya hadi upande wa Loitokitok, Kenya, anarudi na sabuni, sukari na makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo. Shangazi anasema mzigo aliufunika kwa majani ya ng'ombe, ili akikutana na mgambo aonekane katoka kukata majani. Saa nane usiku nani anakata majani? Lakini hao mgambo nao nyumbani kwao sabuni hawakuwa nayo.

Viatu vya shule vya baba mkubwa vilitoka huko, na ndiye asiyetaka itajwe. Anasema hawezi kukaa mbele ya padri na viongozi wa serikali asomewe kwamba mama yake alifanya magendo. Shangazi kasema ikitolewa hiyo, yeye haji. Baba yangu kama kawaida yake yupo kimya.

Halafu mwaka wa kuzaliwa. Kitambulisho kinasema 1938, kadi ya kliniki 1942, mwenyewe alikuwa anasema vijana walipochukuliwa kwenda vita vya Hitler yeye alishaanza kuchunga mbuzi. Naombeni ushauri.

Mama Wawili:
Pole sana mdogo wangu. Kwenye mwaka, nenda ofisi ya parokia alikobatizwa uombe waangalie kitabu cha ubatizo. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, kwa hiyo usitafute jina mlilozoea kumuita nyumbani, tafuta la ubatizo pamoja na la baba yake. Pembeni ya mstari wake mara nyingi utakuta wameandika na kipaimara na ndoa, wapi na lini. Mimi ndivyo nilivyojua mama yangu alifungia ndoa parokia nyingine kabisa, jambo ambalo hakuna aliyewahi kutuambia.

Ngosha wa Sengerema:
Wachaga bwana, hata sabuni ina historia ya ukoo 😂 Pole mkuu.

Mstaafu Moshi:
Kijana, usimhukumu baba yako mkubwa haraka. Nyie mnaisoma habari ya 1983 kama hadithi. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, watu walimwaga sukari mtoni, wengine wakatupa vitenge porini. Nyumbani kwetu mama alifukia miche ya sabuni chini ya migomba, na mvua iliponyesha povu likaanza kutoka kwenye shina. Tulipigwa siku ile kwa sababu tulicheka. Mtoto aliyekulia hapo hajui kuiongelea kwa sauti ya kawaida. Kaa naye kwanza, umuulize alikuwa wapi usiku ule mama yake akiwa njiani. Usimpelekee karatasi iliyokwisha kuandikwa aweke sahihi.

Kuhusu mwaka, watafute bibi waliopata naye kipaimara. Waulize Marealle alipochaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga, 1951, walikuwa wasichana wa umri gani, na Mwenge ulipopandishwa kilele cha Kibo, Kilimanjaro, 1961 nani alikuwa na mtoto mgongoni. Kama alichunga mbuzi wakati wa vita, 1942 haiwezekani. Mimi naona 1934 au 1935.

Katekista Mstaafu:
Padri akikupa dakika tano ujue ni tano kweli. Andika wasifu mfupi wa kanisani, na mrefu wa chini ya turubai watu wakishakula. Na kwenye huo mrefu usimpake rangi. Taja mzigo, taja njia, taja kilichonunuliwa. Waliokuwepo wataelewa, na kiongozi wa serikali akikunja uso muulize mama yake alifulia nini miaka ile.

Dada wa Useri:
Naunga mkono turubai. Ila mtoa mada umeandika habari za mzigo tu. Alikuwa anacheka na nini? Alimnyima nani? Bibi yangu alikuwa hamuuzii mbege mwanaume ambaye mke wake hajapelekewa chumvi, na hiyo ndiyo watu wanamkumbukia hadi leo. Shangazi yako usimwekee simu mdomoni kama mwandishi wa habari. Nenda jikoni anapomenya ndizi, menya naye, simu iwe inarekodi pembeni na awe anajua kuwa inarekodi.

Mjukuu wa Tarakea:
Asanteni sana wakuu. Mzee wa Moshi, nimefuata ushauri wako, nikampigia baba mkubwa bila kugusa habari ya wasifu. Kumbe alikuwa anakwenda naye! Alitangulia mbele mikono mitupu, akiona mtu apige mluzi, bibi aingie kwenye mahindi. Alikuwa darasa la saba. Shangazi mwenyewe hakuwa anajua.

Amekubali isomwe chini ya turubai, ila ana sharti moja. Bibi hakuwa peke yake, walikuwa kina mama wanne, na mmoja aliwahi kukamatwa akakaa rumande Moshi mjini. Hataki majina yao yasomwe mpaka watoto wao waulizwe. Naona ana haki. Kwa hiyo nina familia tatu za kuzifuata kabla ya Desemba, mojawapo imehamia Kiteto. Mwaka wa kuzaliwa bado, mtunza vitabu wa parokia kaniambia nije Jumanne.