Chombo cha mizigo cha angani: kirudi au kiungue?

Mleta mada: Wakuu, chombo kisicho na rubani kikishafikisha chakula, maji na vipuri kwenye kituo cha anga za juu, kirudi duniani kitumike tena, au kijazwe taka kikaungue kwenye angahewa?

Mimi nasema kirudi. Ila hoja ya kubana matumizi, inayoimbwa kila siku, naiona dhaifu. Progress ya Warusi inaungua tangu 1978 na kazi inakwenda. Haina haja ya ngao ya joto wala parachuti, kwa hiyo uzito huo unabaki kwa ajili ya mzigo. Cygnus ya Wamarekani na Tianzhou ya Wachina huishia hivyo hivyo.

Shida iko kwenye kurudi. Mtafiti aliyekuza fuwele au seli huko juu anazitaka maabara, na Soyuz, chombo cha Warusi cha kubeba watu, ikishapakia watu watatu hubakiza nafasi ya furushi tu. Miaka ya 1990 Warusi walichomeka kapsuli ya Raduga ndani ya Progress; ilirudisha takriban kilo 150. Tangu shuttle, vyombo vya Wamarekani vyenye mabawa, zistaafu 2011, shehena kubwa ya kurudi kutoka kituo cha kimataifa inategemea Dragon, kapsuli ya kampuni ya SpaceX ya Marekani. Ikikwama hiyo, sampuli zinasubiri.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, shuttle nazo zilitumika tena, safari 135, na urahisi ulioahidiwa hatukuuona. Kila ikitua, vigae maelfu vya kukinga joto vinakaguliwa. Kurudia chombo kunalipa safari zikiwa nyingi, na kituo kinapokea vyombo vichache tu kwa mwaka. Tena cha kimataifa kimepangwa kushushwa baharini baada ya 2030. Karakana yote hiyo unamjengea mteja anayehama?

Mleta mada: Shuttle ilibeba watu, ndugu yangu. Ukaguzi wa chombo chenye roho za watu saba si wa chombo cha mizigo. Hata hivyo nakuongezea silaha: Dragon ya kwanza kurudia kazi ilipaa Septemba 2014, ikapaa tena Juni 2017, karibu miaka mitatu baadaye. Na mpaka leo sehemu yake ya nyuma hutupwa kila safari. Ndiyo maana pesa siiweki mbele.

Mwangalie Mchina. Ana Tianzhou inayobeba zaidi ya tani 6, lakini Oktoba 2024 alichagua miundo miwili mipya ya gharama nafuu, Qingzhou na Haolong. Haolong ina mabawa, itatua uwanjani kama ndege. Sampuli laini ikishuka hivyo haipigwi na maji ya bahari, kama ndani ya Dragon inayotua baharini.

Mchangiaji wa pili: Mnasahau taka. Kituo kinazalisha takataka kila siku, na Progress ndiyo jalala lake. Mkirudisha kila chombo, mtakuwa mnalipia ngao ya joto kuleta nguo chafu duniani?

Mleta mada: Hapo umenibana. Basi viwepo vya aina zote mbili, na vya kurudi viwe vya mashirika mawili tofauti, si moja. Anayepinga hilo la pili aseme sampuli zitarudi na nini siku Dragon ikizuiwa kuruka.