Tupeane uzoefu: siku kitu kilipopungua jikoni, ulibuni nini na kikatokaje?

Wadau, salaam. Jumamosi shemeji alinijia na watoto watatu bila taarifa, na unga wa ngano umebaki vikombe viwili tu. Kapuni kulikuwa na kipande cha boga kimeanza kunyauka. Nikakichemsha, nikakiponda, nikakikandia kwenye unga wa chapati. Kosa langu nilitia na maji kama nilivyozoea, kumbe boga lenyewe lina maji yake. Donge likawa ute. Unga wa kuongeza sina, nikaona bora nililegeze kabisa: yai moja, kitunguu, chumvi, nikamimina kikaangoni kama chapati za maji. Zikaliwa zote.

Jumatano nikarudia kwa utulivu. Boga nikaliacha lipoe, maji sikutia hata tone, unga nikawa naongeza kidogo kidogo mpaka donge likaacha kunata mikononi. Zimetoka za njano, na asubuhi yake bado laini. Chapati zangu za siku zote zikilala huwa unaweza kuzipigia ngoma.

Leteni zenu. Zilizoharibika ndizo nazitaka zaidi.

Bachela wa Geto: Mkuu, mimi maabara yangu ni kiporo cha ugali. Mwanzo nilikuwa nakikaanga kikiwa kibichi kibichi, kinanyonya mafuta yote na kuvurugika. Siku hizi nakata vipande virefu kama chipsi usiku uleule, naviacha wazi vikauke juu. Asubuhi mafuta yawe yamepata moto kweli, ndipo navitumbukiza. Pilipili na ndimu juu, chai ya rangi pembeni. Jirani alidhani ni mihogo.

Mjukuu wa Tanga: Sisi wali ukilala haupashwi. Mchele wa vitumbua ukiwa mchache, ulioloweka usiku unasagwa pamoja na kikombe cha huo wali, tui zito, hamira, sukari na iliki. Vinakuwa laini ndani. Ila usizidishe wali, niliwahi kuweka nusu kwa nusu vikanatia kwenye karai nikavitoa kwa kijiko, vipande vipande. Bibi alivitazama akasema, "Hivi sasa tuviiteje?"

Mama Wawili: Ndimu zilipopanda bei nikaweka embe bichi kwenye samaki wa nazi. Tamu! Nikajiona fundi, wiki iliyofuata nikatia ukwaju mwingi tui likiwa linatokota kwa moto mkali, bila kukoroga. Likakatika, mafuta huku, maji kule. Sasa uchachu natia mwishoni, moto mdogo, mwiko hautoki mkononi.

Niko Baridini: Huku Ujerumani kisamvu nakikosa mno. Natumia spinachi ya kugandishwa, siagi ya karanga vijiko viwili na tui la kopo. Siri ni kuikamua spinachi, la sivyo unapata supu ya kijani. Si kisamvu, lakini ukifumba macho unafika nusu ya njia.

Mjukuu wa Tanga: @Niko Baridini pole kaka. Ila mtu asije akajaribu njia hiyo ya haraka na kisamvu chenyewe. Majani ya muhogo yana sumu, lazima yatwangwe na yachemke sana. Hapo hakuna ubunifu.

Kijana wa Mabibo: Mimi nyama ilikosekana mwisho wa mwezi, nikapika pilau la dagaa wa Mwanza. Viungo vyote nimeweka: bizari nzima, mdalasini, karafuu. Harufu mpaka nje, wapangaji wanachungulia. Kuonja, chungu kama dawa! Sufuria nzima. Nimelaumu karafuu mpaka leo.

Mama Wawili: @Kijana wa Mabibo hao dagaa uliwatoa vichwa?

Kijana wa Mabibo: Kumbe vinatolewa?