Waliorudi kucheza chesi klabu baada ya kuacha miaka mingi, tupeane uzoefu

Farasi wa Pembeni
Wakuu, salaam. Usiku wa jana sikupata usingizi, ndiyo maana nafungua uzi huu.

Niliacha chesi ya mashindano miaka 17 iliyopita. Sikugombana na mtu. Kazi ilikuja, watoto wakaja, Jumamosi ikawa si yangu tena. Mwezi uliopita nikarudi klabu, na jana ilikuwa mechi yangu ya kwanza ya kuhesabiwa retingi, ile namba ya kiwango cha mchezaji. Mpinzani wangu alikuwa binti wa miaka kama 11, ana adabu, anaandika hatua zake kwa mwandiko mzuri kunishinda.

Enzi zetu tulicheza hatua 40 kwa saa mbili, ukizivuka unaongezewa saa nzima. Hilo limenikaa mwilini. Jana walitangaza dakika 90 na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua, basi. Nikasikia, nikaitikia, ila ndani yangu ile saa ya baada ya hatua ya 40 bado ilikuwepo.

Hatua ya 28 akaniachia farasi bure. Nikakagua mara tatu kama ni mtego, nikala. Kuanzia hapo nikafikiri kwa raha, dakika kumi hapa, dakika nane pale. Hatua ya 36 nimebaki na dakika moja na kidogo, naishi kwa zile sekunde 30. Nahesabu kwenye karatasi: 37, 38, 39. Ya 40 nikasogeza ngome, nikabonyeza saa, nikaandika, nikaweka kalamu chini. Nikainuka kwenda kunywa maji.

Niliporudi mwamuzi amesimama pale mezani. Binti ameweka mikono mapajani, wala hafurahii, ananitazama kama unavyomtazama mtu mzima aliyejikwaa barabarani. Saa yangu inasoma sufuri. Farasi mzima mbele, na nimeshindwa nikiwa na glasi mkononi.

Mwamuzi alifuata sheria, simlaumu. Ila nimeumia. Waliopitia njia hii, mlikutwa na nini? Na hivi mwili huzoea tena?

Kete16
Hiyo ya kuinuka hatua ya 40 nimeisikia mpaka tumboni. Pole sana mkuu.

Sogea Upesi
Dawa ni moja. Cheza mechi za dakika tatu mtandaoni, ishirini kila usiku. Mwezi mmoja tu, saa haitakutisha tena.

Mzee wa Fainali
Sogea Upesi, unampoteza mwenzio. Tatizo lake si mwendo wa mkono, alikuwa na muda wa kutosha akaumaliza kwenye mechi ambayo tayari ameshaishinda. Mechi za dakika tatu zitamfundisha kusogeza bila kufikiri, kisha atakuja mezani afanye hivyo hivyo kwa dakika 90. Mkuu, andika muda uliobaki pembeni ya kila hatua kwenye karatasi yako. Sheria inaruhusu kuandika muda wa saa. Fanya hivyo mechi tano, utaona mwenyewe dakika zako zinaliwa wapi.

Sogea Upesi
Mzee wangu, kwa heshima zote, mimi nilirudi hivyo hivyo na nikapanda. Sisemi nadharia.

Mraba Mweusi
Acheni kwanza niseme yangu, uzi huu umenigusa pabaya. Mimi sikuacha kabisa, nilihamia kwenye simu kwa miaka 9. Nikajiona nimeiva. Siku niliyorudi kukaa mbele ya ubao wa kweli, kete za mbao, mpinzani anapumua mbele yangu, nikawa kama sioni. Kwenye simu ubao wote unauona kutoka juu. Mezani unauona kwa mshazari, kete za mbele zinaficha za nyuma. Askofu wake alikuwa kona ya mbali kabisa, h8, na mstari wake ulifika hadi kwenye ngome yangu pale a1. Hatua sita alikuwa wazi namna hiyo nami simwoni. Alipoila ngome nilifikiri kakosea, nikanyanyua mkono kumwita mwamuzi!

Siku hizi nikifanya mazoezi ya mafumbo, nayapanga kwenye ubao halisi. Inachukua muda mrefu na inachosha, lakini macho yamerudi.

Kete16
Hili la macho ni kweli tupu.

Pembe Nne
Nyie mnaongelea mchezo, mimi nataka kuuliza la retingi. Niliacha nikiwa na 1650. Naambiwa ukikaa sana inafutwa unaanza upya. Kweli?

Jirani wa Malkia
Kweli, inafutwa. Rafiki yangu aliambiwa hivyo.

Mwandishi wa Hatua
Haifutwi. Jirani, tafadhali tusipotoshane, watu wanaacha kurudi kwa sababu ya maneno kama hayo. Usipocheza mechi ya kuhesabiwa kwa mwaka mzima, FIDE, shirikisho la chesi la dunia, inakuweka kwenye kundi la wasiocheza, jina linatoka kwenye orodha za juu, lakini namba yako ipo. Ukicheza tena unaendelea nayo. Tena Machi 2024 waliokuwa chini ya 2000 kwenye mchezo wa kawaida waliongezewa mara moja: asilimia 40 ya pengo lao hadi kufika 2000. Wewe mwenye 1650 pengo lako ni 350, kwa hiyo 140. Tafuta jina lako, nadhani utaikuta 1790.

Pembe Nne
Nimetafuta sasa hivi. 1790. Mkono unatetemeka.

Jirani wa Malkia
Basi hiyo 140 ni ya bure, mtarudisha yote kwa watoto.

Mwandishi wa Hatua
Si ya bure. Namba za chini zilikuwa zimebanwa kwa miaka, na siku hiyo hiyo kima cha chini kilipandishwa kutoka 1000 hadi 1400. Ila kwa watoto uko sahihi, hapo tukubaliane. Mtoto wa miaka 12 namba yake inaonyesha alivyokuwa miezi minane iliyopita. Mtu mzima anayerudi namba yake inaonyesha alivyokuwa zamani. Mkikutana, namba zote mbili zinasema uongo.

Farasi wa Pembeni
Mwandishi, hiyo sentensi ya mwisho nimeiandika kwenye daftari.

Caro Mtulivu
Nimesoma huu uzi tangu asubuhi nikiwa najizuia kuandika. Ngoja niandike, nitue.

Mimi niliacha kwa sababu nilidanganya.

Ilikuwa raundi ya mwisho, miaka 19 imepita. Fainali ya ngome, yaani mwisho wa mechi, wamebaki wafalme, ngome na askari tu: mimi ngome na askari wawili, yeye ngome na askari mmoja aliyekaribia mwisho. Meza nyingine zimeshamaliza, tumebaki sisi. Nikanyoosha mkono, nikaigusa ngome yangu. Niliigusa kweli, vidole viwili juu yake, nia yangu ni kuisogeza. Hapo hapo nikaona nikiitoa pale askari wake anapita. Nikaiachia, nikasogeza mfalme.

Alisimamisha saa palepale, akamwita mwamuzi. Akasema: ameigusa ngome, na kete yako ukiigusa lazima uisogeze. Mwamuzi akaniuliza. Nikasema sikuigusa. Hakukuwa na shahidi. Mwamuzi akasema bila ushahidi hawezi kunilazimisha, mechi ikaendelea, nikashinda. Nikapewa nafasi ya pili ya mashindano.

Hakunitukana. Alitia saini karatasi yangu, akanipa mkono, akaniambia: "Wewe unajua." Sikwenda klabu tena. Nilimwambia kila mtu nina shughuli.

Mwaka huu nimerudi, klabu nyingine kabisa. Raundi ya kwanza majina yakabandikwa ukutani, meza ya sita. Jina langu na lake.

Kete16
Usiishie hapo dada.

Pembe Nne
Nimesahau hata retingi. Endelea tafadhali.

Jirani wa Malkia
Kabla hajaendelea, mimi nauliza. Kama mwamuzi alishaamua, kosa liko wapi? Mchezo una mwamuzi ili aamue. Na huyo mpinzani huenda alichelewa kudai.

Mzee wa Fainali
Hakuchelewa. Ukishagusa kete yako mwenyewe kwa makusudi baada ya kosa la mwenzio, haki ya kudai imekwisha. Yeye alisimamisha saa kabla hajagusa kitu, amefanya barabara. Na uamuzi wa mwamuzi ulisimama juu ya neno la mchezaji. Neno likiwa la uongo, mwamuzi hana kosa, mchezaji analo. Samahani dada Caro, sikuhukumu, najibu swali.

Jirani wa Malkia
Wangapi wamegusa kete wakasema walikuwa wanairekebisha tu?

Mzee wa Fainali
Unasema "narekebisha" KABLA ya kugusa. Ukisema baada ya kugusa unajitetea tu.

Sogea Upesi
Mwacheni dada amalize, mnabishana juu ya kidonda chake.

Caro Mtulivu
Mzee yuko sawa, sina kinyongo.

Nilifika dakika ishirini kabla. Yeye alikuwa ameshakaa, anapanga kalamu yake. Amezeeka, mimi pia. Nilisimama pembeni ya kiti changu nikamwambia bila kuketi: "Ile ngome niliigusa." Sikutaja mwaka wala mashindano. Akaniangalia muda mrefu. Akasema, "Najua. Kaa." Nikamwambia nataka kumwambia mwamuzi wa leo, yaandikwe mahali. Akasema matokeo ya zamani hayabadiliki na huyu mwamuzi wa leo wakati ule pengine hajazaliwa. Kisha akaniuliza kwa nini niliacha kucheza. Nikamwambia ni kwa sababu hiyo. Hapo ndipo alipokasirika. Alisema miaka yote hiyo alidhani nimehama mji, na kama angejua nimejifungia kwa ajili ya nusu pointi angenitafuta.

Nusu pointi, kwa sababu anasema hata ningecheza ngome angepata sare tu. Ameichambua. Miaka 19 anayo ile karatasi.

Mraba Mweusi
Nimesoma mara mbili. Sina la kuongeza.

Kete16
Na mimi.

Ngazi ya Nane
Mimi nina la kuongeza. Sikubaliani na kumwambia kabla ya mechi. Ungemwambia baada. Umemvuruga mtu dakika ishirini kabla ya saa kuanza, hata kama nia ni njema. Mpinzani ana haki ya kukaa mezani akiwa na akili yake.

Sogea Upesi
Angemwambia baada ya mechi, na kama dada angeshinda? Ungesema anamkejeli.

Ngazi ya Nane
Ningesema hivyo, ndiyo. Kwa hiyo angepiga simu siku moja kabla. Nashikilia.

Mwandishi wa Hatua
Ngazi ana hoja, ingawa simu siku moja kabla ni rahisi kuisema tu.

Turudi kwa Farasi aliyefungua uzi, aliuliza kama mwili huzoea. Gata Kamsky alishindwa na Karpov mwaka 1996 kwenye mechi ya ubingwa wa FIDE akiwa na miaka 22, akaacha, akasoma mambo mengine. Alirudi rasmi 2004. Mwaka 2007 akachukua Kombe la Dunia. Na Lasker, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia, alikaa miaka 9 bila mashindano makubwa, akarudi Zurich 1934, mwaka uliofuata kule Moscow akawa wa tatu bila kupoteza mechi hata moja. Alikuwa na miaka 66.

Pembe Nne
Hao walikuwa watu wa ubingwa wa dunia kaka. Mimi nina 1790 ya kuongezewa.

Mwandishi wa Hatua
Najua. Ninachotaka muone ni kwamba hawakurudi na kushinda siku hiyo hiyo. Huko Zurich Lasker alikuwa wa tano. Kamsky ilimchukua miaka mitatu.

Mzee wa Fainali
Farasi, na usianze kujifunza ufunguzi mpya sasa hivi. Rudi na ule ule uliokuwa ukicheza. Mkono unaukumbuka.

Sogea Upesi
Hapana! Ule wa zamani watoto wameuchambua kwa kompyuta mpaka hatua ya 20. Chukua kitu chepesi, askofu f4, mfalme salama, cheza.

Mraba Mweusi
Na simu, wakuu. Zima kabisa na uiweke kwenye begi kama kanuni za mashindano zinaruhusu, la sivyo mpe mwamuzi. Enzi zetu haikuwa hivi. Siku hizi ikilia mfukoni mwako mechi kwa kawaida imekwisha, hata ukiwa unampa chekimeti hatua inayofuata.

Farasi wa Pembeni
Asanteni nyote. Jumamosi nina raundi ya pili, nitaandika muda pembeni ya kila hatua kama Mzee alivyosema. Ufunguzi nitabaki na wangu. Maji nitakwenda nayo mezani.

Dada Caro, sikutaka kuuliza lakini nimeshindwa. Mechi yenyewe iliishaje?

Caro Mtulivu
Alinishinda, hatua 52. Alifungua e4 nikajibu c6 kama zamani. Tukafika fainali ya ngome tena. Hatua ya 44 nikaigusa ngome, nikaona imekosea, nikaisogeza.

Mzee wa Fainali
Tuwekee hatua zote dada, tuione hiyo fainali.