Naomba ushauri: karanga zinanyauka, shina lina ukungu mweupe

Habari zenu wakulima wenzangu. Nina nusu eka ya karanga aina ya Pendo, Moshi tambarare, nafasi sentimita 50 kwa 10, maji ya mfereji, siku 70 tangu kupanda.

Tawi moja hunyauka kwanza, kisha mche mzima. Ukifunua majani, shina usawa wa udongo lina nyuzi nyeupe kama pamba, na juu yake vipunje vya mviringo, vyeupe halafu kahawia, saizi ya ulezi. Nyuzi hutambaa juu ya majani yaliyopukutika hadi mche wa jirani. Vikonyo vinaoza, ukivuta mche karanga zinabaki ardhini. Naamini ni sklerotiamu, kuvu wa udongoni anayeozesha shina, si mnyauko wa bakteria: shina lililokatwa halitoi utando mweupe kama maziwa (dalili ya bakteria) kwenye glasi ya maji.

Msimu uliopita palikuwa na nyanya, nazo hushikwa na kuvu huyu. Halafu palizi ya pili ilipandisha udongo kwenye mashina, na hilo ndilo kosa kubwa.

Nimeng'oa na kuchoma miche iliyougua, nikapunguza umwagiliaji. Dawa ya ukungu ya mankozebu niliyopiga mara mbili haikusaidia, inaishia kwenye majani.

Naombeni mnijibu haya:

Tebukonazoli, dawa nyingine ya ukungu, ikipigwa usiku, majani yakiwa yamejikunja ili ifike shinani, bado ina faida kwa umri huu, au muda wa kusubiri kabla ya kuvuna hautoshi?

Na nikilima kwa kina kufukia mabaki, misimu mingapi ya mahindi inatosha, maana vipunje hukaa udongoni miaka?