Ukoo wa Mzee Kombo: Mkojo wa Baba Mdogo

[06:12] Zuhura: Asalaam aleikum. Mkojo wa Baba Mdogo umeota bakteria, stafilokokasi oreasi. Hamisi, muulize daktari wa zamu kama damu imeoteshwa maabara kuona kama naye yumo. Leo hii.

[06:20] Zuhura: Hamisi??

[06:31] Mwajuma: Waaleikum salaam. Si UTI tu hiyo? Vidonge vinatosha.

[06:34] Zuhura: Hapana da Mwajuma. UTI nyingi ni ikolai, bakteria wa utumbo, inapanda kutoka chini. Mdudu huyu anaweza kushuka na damu, akaweka vijipu kwenye figo, ndipo aonekane kwenye mkojo. Mpira wa mkojo aliwekewa lini? Na mkojo ulichukuliwa wapi? Wa kwenye mfuko hauaminiki.

[06:40] Rama: Figo zimepata wapangaji wasiolipa kodi 😂

[06:41] Mwajuma: 😂😂 Rama wewe

[07:55] Hamisi: Nilikuwa wodini. Mpira wameweka jana usiku, mkojo ulitoka kabla. Homa 39, mgongo unauma.

[07:56] Zuhura: Basi mpira hauhusiki. Damu seti mbili, mikono tofauti, mililita 20 kila seti, 10 kila chupa. Ngozi ifutwe klorheksidini, ikauke yenyewe. Ikishatoka dawa ya mshipa ianze hapohapo, isingoje majibu. Na mgongo autaje, huyu mdudu hukaa kwenye pingili.

[07:58] Zuhura: Asipewe sipro (antibayotiki) ya dukani kabla ya damu! Chupa zisipoota mtasema hana kitu, kama mguu wa Shangazi.

[08:03] Mwajuma: Umeanza. Sipro nilinunua mimi kwa sababu hakuna aliyetoa hela. Mpaka leo sijarudishiwa.

[08:05] Rama: Jamani tena?

[08:22] Bibi: Aliyelala pale ni mwanangu. Ya mguu tulizika naye. Atakayeyafukua asije kwangu.

[08:40] Mwajuma: Shikamoo Bibi. Samahani.

[08:41] Zuhura: Shikamoo Bibi. Damu ikiota huyo mdudu, hata chupa moja, si uchafu wa ngozi. Ioteshwe tena kila siku moja au mbili mpaka iwe safi, na moyo upigwe eko, yaani ultrasaundi. Dawa siku 14 kwa uchache, zinahesabiwa tangu damu kuwa safi. Ikigusa moyo ni wiki 4 hadi 6, pingili wiki 6 kwa uchache. Akipata nafuu msimtoe!

[09:17] Rama: Wiki 6 nani analala naye?

[09:50] Hamisi: Damu imetoka mkono mmoja, chupa zimeisha. Dada wa zamu anasema tununue nje. Nani yuko karibu?

[10:26] Zuhura: Da Mwajuma?