Oksijeni haiwashi kijiti, naomba ushauri

Habari za kazi walimu wenzangu na wataalamu wa kemia. Naomba msaada wenu kabla kidato cha pili hawajaanza mada ya oksijeni.

Maabara yetu haina kemikali za kutosha, kwa hiyo natumia haidrojeni peroksaidi ya 3% ya duka la dawa, na unga mweusi wa betri za tochi kama chanzo cha manganisi dioksaidi, kichocheo kinachoharakisha peroksaidi kutoa oksijeni. Mpira wa dripu unatoa gesi kwenye chupa yenye kizibo hadi kwenye beseni, naikinga kwa neli iliyojazwa maji na kugeuzwa juu chini. Mapovu yanatoka kwa kasi, kisha yanalegea. Nikiingiza kijiti chenye kaa, kaa linang'aa jekundu kabisa lakini mwali haurudi. Mwanafunzi ataaminije kuwa hiyo ni oksijeni?

Nimeshaacha mapovu ya mwanzo yapotee, maana ni hewa ya chupani. Kizibo nimebadilisha, na unga nimeuosha kuondoa chumvi zake. Kuna nafuu, ila ndogo.

Je, nitumie chupa ndogo zaidi ili hewa ipungue, au peroksaidi imepoteza nguvu ikiwa dukani? Na aliyewahi kutumia maini mabichi au hamira badala ya unga wa betri, povu halizibi mpira? Peroksaidi kali zaidi sitaki kuwapa watoto, inaunguza ngozi.